Kununua PS (PlayStation) ukiwa Dodoma: uchukue Pro au ya kawaida?

"Kaka, kuna jamaa Area C anauza PS4 Pro, anataka laki sita na nusu. Nichukue?"

Meseji za namna hii hazinipiti wiki, na wanaozituma ni walewale: mwanachuo ambaye bumu limeingia, mtumishi aliyehamia na wizara yake huku familia imebaki Dar, na kijana anayetaka kufungua kibanda cha gemu. Mimi huwajibu kwa swali: TV yako ni ipi? Wengine huona nimekwepa. Sijakwepa. Bila kujua TV, siwezi kumwambia kitu.

Neno Pro limetuvuruga vichwa. Mtu akilisikia anadhani ni mashine ya kizazi kipya, au walau ndiyo itakayodumu zaidi. Zamani mambo yalikuwa mepesi: kampuni ikitoa mashine ya gemu, inakaa nayo miaka sita au saba bila kuigusa nguvu. Toleo la katikati likitoka, limekonda mwili au limeshuka bei, basi. PS2 ilikonda, PS3 ikakonda mara mbili, na gemu zikabaki kucheza vilevile. Mwaka 2016 Sony wakavunja mazoea hayo. PS4 ilikuwa na miaka mitatu tu sokoni, tangu Novemba 2013, TV za 4K (zenye nukta za picha mara nne ya Full HD) zikaanza kushuka bei, nao wakaona watu watanunua TV kali kisha walalamike kuwa gemu zao hazifiki huko. Septemba ikatoka PS4 Slim, iliyokonda tu, na Novemba 10 ikafuata PS4 Pro kwa dola 399. Nguvu ya kuchora picha, inayopimwa kwa teraflopu (hesabu trilioni kwa sekunde), ilitoka 1.84 hadi 4.2. Microsoft nao wakajibu Novemba 7, 2017 kwa Xbox One X ya teraflopu 6, dola 499. Miaka saba baadaye, tarehe ileile ya Novemba 7, ikaja PS5 Pro.

Sasa kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Gemu ya Pro peke yake haipo. Sony waliwataka watengenezaji wahakikishe kila gemu inacheza kwenye mashine ya kawaida, na Pro inaongeza uzuri wa picha au kasi tu. Kwa hiyo mwenye PS4 Pro bado ana PS4. Gemu ya GTA VI imetangazwa kwa mashine za kizazi kipya, PS5 na Xbox Series, na hiyo Pro yako ya laki sita na nusu haitaigusa, hata iwe na nguvu mara mbili ya ya jirani.

Ndiyo maana mpangilio wangu hauanzi na Pro yoyote.

1. PS5 Slim ya CD

Kama mfuko unaruhusu, ishia hapa. Ilitoka Novemba 2023, ina hifadhi ya SSD (ya kasi, isiyo na kipande cha kuzunguka) ya terabaiti 1, na inacheza karibu gemu zote za PS4. Hilo la mwisho ndilo la maana kwetu, maana rafu yako ya zamani haifi na CD za kuazimana mtaani zinaendelea kufanya kazi.

Nasisitiza ya CD. Ile ya dijitali ilipotoka ilikuwa nafuu kwa dola 50 tu huko Marekani, 449.99 kwa 499.99, na ukiwa Dodoma hizo dola 50 utazilipa kwa bando kabla mwaka haujaisha. Gemu moja kubwa ni gigabaiti 100 au zaidi. Ukiwa na CD, sehemu kubwa ya mzigo inatoka kwenye CD yenyewe, unabaki kushusha masasisho. Ukiimaliza, unamuuzia mtu au unabadilishana na mwenzako wa Nkuhungu. Gemu ya dijitali haiuziki wala haiazimiki, ukiichoka umechoka nayo.

Mwenye PS4 anayetaka kupanda ajue kwamba pedi zake za zamani hazitacheza gemu za PS5. Zitafanya kazi kwenye gemu za PS4 tu. Weka bei ya pedi ya pili kwenye hesabu, na uikague vizuri, maana pedi feki zipo na boksi lake linafanana na halisi kuliko pedi yenyewe.

2. PS4 Slim ya mtumba

(Mtumba, eneo la Dodoma, siku hizi ni Mji wa Serikali. Mimi nasema mtumba ule mwingine.)

Hii ni ya mwenye kibanda, ya mwanachuo, na ya mzazi anayetaka watoto watulie likizo bila kuingia deni. Ina nguvu ileile ya PS4 ya kwanza, na hilo si tusi. Mpira wa kampuni ya EA umekuwa ukicheza kwenye PS4 ya kawaida kwa picha ya Full HD, fremu (picha moja moja) 60 kwa sekunde, tangu ulipoitwa FIFA hadi ulipobadilishwa jina kuwa FC mwaka 2023. FC 26 nayo imetoka kwa PS4. Vijana wanaokaa kwenye benchi la mbao mbele ya TV ya inchi 32 wanataka pedi isiyoteleza na mechi isiyokwama. Hakuna atakayekuuliza una teraflopu ngapi.

Kwa kibanda ningenunua Slim mbili kuliko PS5 moja. Mashine mbili zinakaa watu wanne kwa wakati mmoja, na moja ikienda kwa fundi hela haijakatika. Umeme nao ni mdogo. Kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye Slim ni wati 165, na ukishawasha kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nne usiku, uniti za luku utazihesabu mwenyewe.

Watakuletea na PS4 iliyochipiwa, yaani iliyofunguliwa icheze gemu zisizolipiwa, imejaa gemu thelathini za bure. Mimi siishauri. Ukiiunganisha mtandaoni unajitafutia kufungiwa, ukikubali sasisho ule ufunguzi unakufa, na kila gemu mpya inakurudisha kwa yuleyule aliyekuchipia.

3. PS4 Pro

Naiweka ya tatu huku roho inaniuma, kwa sababu ndiyo niliyo nayo.

Niseme kwanza uzuri wake. Ukiwa na TV ya 4K, tofauti unaiona kwa macho: majani, nywele, maandishi ya mbali, vyote vinakaa sawa. Si 4K kamili mara nyingi. Mashine inachora sehemu ya nukta na nyingine inazijaza kwa hesabu, lakini ukikaa kwenye kochi hutagundua. Hata ukiwa na TV ya Full HD unapata kitu, maana gemu kadhaa zinachorwa kubwa kisha zinapunguzwa, kingo zinakuwa laini, na nyingine zinakupa kasi nzuri zaidi. Kwa mpira, karibu hakuna utakachokiona.

Sasa ubaya. Niliinunua kwenye duka moja mjini, boksi safi, muuzaji anaapa kuwa haijatumika hata miezi sita. Siku ya kwanza nikaweka gemu nzito ya vita. Baada ya dakika kumi na tano feni ikaanza kupanda, ikapanda, ikapanda. Mama mzazi alikuwa amekuja kutoka Kondoa, amekaa na chai yake anasubiri taarifa ya habari. Akaweka kikombe chini, akaniangalia.

"Mwanangu, humo ndani mnasaga nini?"

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi. Akatoa mfuniko, akafungua skrubu za ndani, akaniita nije nione. Katikati ya mapezi ya chuma yanayopozea joto palikuwa na blanketi. Sisemi vumbi, nasema blanketi: jekundu, limeshikana na nyuzi za zulia na unywele mrefu wa mtu nisiyemjua. Pesti ya kwenye prosesa ilikuwa imekauka, akaigusa kwa kucha ikamong'onyoka kama chokaa. "Mzee," akaniambia, "hii imekula Dodoma nzima." Akasafisha kwa brashi ya rangi na mashine ya kupuliza, akapaka pesti mpya, akanirudishia. Kelele ilipungua kama nusu. Haijawahi kuisha.

Fundi ndiye aliyenifundisha pia kuwa Pro hazifanani. Zimetoka kwa awamu tatu, na kibandiko cha mashine kinasema: CUH-70 na tarakimu zake, CUH-71, na CUH-72. Yangu ni ya 70, ya kwanza, yenye kelele. Ya 72, iliyokuja mwaka 2018, ndiyo tulivu kuliko wenzake. Muuzaji akigoma kukusomea kibandiko, mwombe picha ya kebo ya umeme. Awamu mbili za kwanza zinatumia kebo nene ya matundu matatu kama ya kompyuta ya mezani. Ya mwisho inatumia kebo nyembamba yenye kichwa cha namba nane, kama ya redio. Yule wa Area C alituma picha. Ilikuwa nene kama kidole gumba. Nilimwambia aliyeniuliza amsalimie tu jamaa.

Kwa hiyo PS4 Pro naikubali kwa masharti: iwe ya 72, una TV ya 4K tayari, na muuzaji hajaipandisha zaidi ya laki moja na nusu juu ya bei ya Slim. Likikosekana hata sharti moja, rudi namba mbili au jikaze ufike namba moja. Ukiipata, itoe hifadhi yake ya kuzunguka uweke SSD ya inchi 2.5, ileile ya laptopu. Iko nyuma chini ya kifuniko kidogo, skrubu moja, huhitaji hata fundi, ila uwe na flashi yenye programu ya mfumo. Gemu zinafunguka haraka kuliko ulivyozoea, na kipande kimoja cha kuzunguka kinapungua ndani ya mashine inayotikiswa na bodaboda.

Huku kukagua mtumba kusiishie kwenye kuona taa ya bluu ikiwaka. Nenda na CD yako na kebo yako ya HDMI. Cheza nusu saa, siyo dakika tano, maana mashine mbovu haijifichui ikiwa ya baridi. Weka kiganja nyuma usikie hewa inatoka kwa nguvu gani. Tikisa kichwa cha HDMI taratibu, na picha ikipotea, tundu limelegea. Ingiza na kutoa CD mara tatu. Fungua menyu, uache pedi mezani bila kuigusa: alama ikitembea yenyewe, kijiti kimechoka. Washa hotspoti, uingie mtandaoni, uhakikishe mashine haijafungiwa. Kisha dai risiti ya EFD. Wa mtaani hana, lakini mwenye duka asikuambie mtandao uko chini.

4. PS5 Pro

Ndiyo mashine ya nguvu kuliko zote katika orodha hii, na bado ni ya nne.

Alipoitambulisha Septemba 2024, Mark Cerny, msanifu wake mkuu, alieleza tatizo walilotaka kulitatua. Gemu nyingi za PS5 zinakupa kuchagua, ama picha kali kwa fremu 30, ama kasi ya fremu 60 kwa picha iliyopunguzwa. Wachezaji wakiulizwa, kama robo tatu wanachagua kasi. Pro imekuja ili wasichague. Nguvu ya picha ni teraflopu 16.7 badala ya 10.28 za PS5, SSD ni terabaiti 2, na kuna ufundi unaoitwa PSSR ambao unachukua picha ndogo na kuikuza kwa akili mnemba hadi ionekane ya 4K. Nimeicheza kwa rafiki Ilazo, kwenye TV ya inchi 65, na sitadanganya: ni tamu.

Lakini piga hesabu. Ilizinduliwa kwa dola 699.99, na Agosti 2025 bei ya Marekani ikapanda hadi 749.99. Ukichukua dola kwa shilingi 2,500 tu kwa urahisi wa hesabu, ile bei ya kwanza peke yake ni kama milioni moja na laki saba na nusu, kabla ya usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 18 na faida ya mwenye duka. Na haina tundu la CD. Unalinunua pembeni, na ukilifunga lazima uingie mtandaoni mara moja ili mashine ilitambue. Mtu atoe hela yote hiyo halafu ashindwe kuazima CD ya mwenzake?

Prosesa yake ni ileile ya PS5, imeongezwa kasi kidogo tu. Gemu inayokwama kwa sababu ya hesabu nyingi, siyo picha, haitapona. Kiwango cha umeme kimeandikwa wati 390. Ainunue nani? Mwenye TV kubwa ya 4K ya hertz 120 (inayobadili picha mara 120 kwa sekunde), mwenye intaneti ya kudumu nyumbani, ambaye hana PS5 kabisa. Mwenye PS5 ya kawaida akae nayo, hela hiyo akanunue TV.

5. Xbox Series S

Nafuu, ndogo, tulivu, na inacheza gemu za kizazi kipya. Ilitoka Novemba 2020 kwa dola 299. Haina CD na hifadhi ya ile ya kwanza ni gigabaiti 512, kwa hiyo gemu tatu nne zikiingia imejaa. Ukikaa kwenye nyumba yenye faiba isiyo na kikomo, ivushe hadi namba mbili. Ukiishi kwa bando la wiki, iache dukani.

6. Xbox One X

Mashine nzuri iliyokosa ndugu. Ilikuwa na nguvu kuliko PS4 Pro, ina gigabaiti 12 za memori, inasoma hata CD za filamu za 4K, ambazo sijawahi kumwona mtu akinazo hapa. Ilisimamishwa kutengenezwa mwaka 2020. CD za Xbox mtaani utazitafuta kwa tochi, na aliyezoea kucheza na washikaji wake atacheza peke yake.

Mambo mawili matatu kabla hujatoa hela. Kuna wanaopanda SGR asubuhi wakanunue Kariakoo na kurudi jioni. Bei ya kule huwa inashuka kweli, lakini toa nauli, na ukumbuke mashine ikileta shida utapanda treni tena kudai haki yako. Kwa mpya iliyofungwa, nenda. Kwa mtumba, nunua hapahapa, kwa mtu ambaye duka lake utalikuta kesho.

Akaunti ya PSN (mtandao wa PlayStation): Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za kuchagua, kwa hiyo kila mtu hapa ana akaunti ya nchi nyingine. Chagua moja na ukae nayo, kwa sababu akaunti haihami nchi, na kadi za kuongeza salio zinakubali nchi yake tu. Muulize anayekuuzia kadi kabla hujalipa.

Umeme ukikatika katikati ya gemu, PS4 ikiwaka tena itakugombeza kuwa haikuzimwa vizuri, kisha itakagua hifadhi yake taratibu. Mara moja si kitu. Mara tatu kwa wiki, hifadhi ya kuzunguka inaanza kuchoka. UPS (betri ya akiba) ndogo ndiyo dawa, na ukikosa, kifaa kilekile cha kulinda friji kitaizuia isipigwe na umeme unaporudi kwa kishindo.

Na hiki kitambaa cha kufuma. Nyumba nyingi kipo, kimefunika TV, redio, hadi flaski. Mwenye nyumba atataka na PS ivae. Mkubalie, tena umshukuru, maana kuanzia mwezi wa sita hadi mvua za Desemba vumbi letu halina adabu. Mwombe tu akiondoe kabla hujawasha, na nyuma ya mashine aache nafasi ya kiganja kizima, pasipo pazia.